Ngumi Yenye Korosho

Juzi mjukuu wangu aliitambua ngumi niliyofichia sarafu, eti kajifunza kwenye simu kusoma mabega ya mtu. Nikamkumbuka Somoe, binti wa mama mdogo, kule Newala.

Mchana mmoja tukiwa wadogo, bibi alikuwa akichoma korosho, moshi wa maganda ukituwasha macho. Nilificha korosho moja mgongoni, nikatoa ngumi mbili mbele. Somoe akanitazama kidogo.

"Kushoto."

Nikaficha tena.

"Kulia."

Kila akipatia, bibi alimbangulia ya moto, akisema, "Huyu kachukua macho ya marehemu mama yangu." Mimi nilimeza mate tu. Wivu uliniwasha kuliko ule moshi. Niliamini bibi amempa dawa kwa siri, mimi akaniruka.

"Somoe, umelambishwa nini?"

Akacheka. "Nilambishwe nini, dada? Pua yako mwenyewe inaelekea kwenye ngumi yenye korosho!"

Sasa najua alisema kweli. Siku ile niliona ananificha. Hata hivyo nilikaza shingo, nikakaza na uso, mpaka Somoe akakosea, na bibi akanibangulia yangu.

Uso ule sikuulegeza tena. Watu hudhani nina hasira.