Kompyuta Niliyoiziba Pumzi

Kosa langu la kwanza lilikuwa selotepu. Siku niliyokabidhiwa kompyuta ya duka la uchapaji la shangazi pale Korogwe, niliziba matundu yote ya ubavuni mwake kwa selotepu pana ya kahawia ili vumbi lisiingie. Nilitoka Handeni, ambako unafunga mlango na bado vumbi jekundu linakukuta kwenye sahani, na mimi ni mtu wa kufuta meza iliyokwisha kufutwa. Nikaziba na ya nyuma. Tundu la feni ndilo lililonishinda, maana upepo wake uliibandua selotepu kila nilipoibandika. Mashine ilikuwa inajitetea. Mimi nikaona selotepu ni feki, nikaacha.

Shangazi naye akaongeza yake. Alikuwa amefuma kitambaa cheupe cha maua, pacha wa kile cha redio na kile cha televisheni, akalifunika lile boksi ambalo mjini kwetu kila mtu aliliita sipiyu. Halikufunuliwa hata likiwa kazini. Kompyuta uchi, alisema, ni aibu mbele ya wateja. Ilikuwa miaka ya soko huria, makontena yakituletea kila kitu ambacho Ulaya ilikuwa imekichoka, nasi tuliipokea mitumba yao kama bibi harusi: kwanza tunafunika, maswali baadaye.

Ikaanza kuzima. Mwanzoni ilikuwa mchana tu, jua likiwa kali juu ya bati. Baadaye hata asubuhi. Unachapa mistari michache, skrini inakuwa nyeusi.

Shangazi akamwita fundi kutoka Tanga. Alikuja na mkoba wa ngozi na shati lililochomekewa vizuri. Mfuniko hakuugusa.

"Virusi," alisema.

"Virusi gani?" nikauliza.

"Vya kuzima."

Enzi zile virusi vilibeba lawama zote. Printa ikikwama ni virusi, umeme ukiyumba ni virusi. Alifuta kila kilichokuwamo, na alipomaliza tu kupanga programu upya, mashine ikamzimikia mkononi. "Umeona, mama? Ni sugu hivi," akamwambia shangazi, kwa fahari ya mtu aliyeshinda. "Itabidi niende nayo Tanga. Nitaipitia jioni."

Alipotoka, shangazi akanigeukia. "Sikia, mwanangu. Hii ikienda Tanga hairudi, watu hawa nawajua. Na mimi nikibaki na meza tupu, wewe unakaa hapa kufanya nini? Utapanda basi urudi Handeni kwa baba yako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nyumbani nilikuwa nimeshawatangazia wote kwamba mimi sasa ni mtu wa kompyuta. Hakuna aliyewahi kunifundisha lolote. Nilijua kuchapa, na nilijua kujisifu.

Kwenye benchi alikuwa amekaa katibu wa kamati ya harusi kutoka Kerenge, akingoja kadi za michango, zilezile ambazo fundi alikuwa amezifuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kadi?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ya jana au ya leo? Bibi harusi atazaa kabla hujaandika jina lake."

Niliweka kiganja juu ya kile kitambaa. Kilikuwa na joto la pasi. Nikakivua, na selotepu chini yake ilikuwa imelainika, gundi inanata vidoleni. Hapakuwa na ugonjwa wowote. Kompyuta ilikuwa inapikwa, na mpishi nilikuwa mimi.

Nikachomoa waya ukutani, nikafungua skrubu kwa bisibisi ya cherehani, moja ikaniponyoka na kuangukia miguuni mwa katibu.

"Sasa unaichinja?"

"Naifungua tu, mzee."

"Mbuzi naye hufunguliwa hivyohivyo."

Ndani palikuwa na blanketi. Kwa kuwa nilikuwa nimeziba kwingine kote, hewa ilivutwa kupitia mdomo wa disketi, ikaingia na vumbi lote, likajishona juu ya feni ndogo ya katikati, ile inayopoza ubongo wa mashine. Feni ilikuwa haiwezi kumaliza mzunguko mmoja. Nilikwangua taratibu kwa brashi mpya ya rangi, kavu. Kisha nikaazima pampu ya baiskeli kwa jirani, nikachomeka njiti ya kiberiti kwenye feni isizunguke ovyo, nikamwomba katibu apampu nami nielekeze mpira. Vumbi likamrudia usoni.

"Vumbi la wapi hili?"

"Labda la Ulaya, mzee."

"Mbona linanuka kama la Kerenge?"

Hapo ningefunga. Lakini mimi kikiwa safi nataka kiwe safi zaidi. Nilikwisha kuchovya kitambaa kwenye maji ili nifute kila kipande na kila waya, pale katibu alipogonga benchi. "Kijana, sikuja kutazama usafi. Funga, nataka kadi!" Sijui kama alijua, lakini aliniokoa na upumbavu wa pili.

Nilibandua selotepu yote, nikafunga, kitambaa cha maua nikakiacha pembeni, nikawasha, nikaanza kuchapa kadi upya, roho mkononi. Kila feni ilipobadili mlio nilisimamisha vidole. Haikuzima. Jua likafika utosini, bati likalia, haikuzima.

Jioni fundi alirudi na gunia la kubebea. Alikuta printa inatoa kadi ya mwisho.

"Nani kaifungua?"

"Mimi."

"Utakuwa umeviamsha tu virusi."

Katibu aliinua uso wake mwekundu. "Virusi vyenu nimevipiga pampu mwenyewe. Kimoja kimeniingia puani."

Fundi alimtazama shangazi. Shangazi alinitazama mimi. "Itazima tena?"

"Ikijaa vumbi, ndiyo, shangazi. Nitaifungua tena."

"Basi baki nayo," alisema, akampa fundi gunia lake.

Sikurudishwa Handeni. Wasiwasi ninao bado, na meza bado naifuta mara mbili. Ila siku hizi mashine ikichemka naizima, naifungua na kuisafisha ndani mwenyewe, kabla ya kumwita mtu yeyote.