Michoro Mlangoni kwa Mama Mkwe

Vita vya Maji Maji vimepamba moto, mume wangu kaenda kupigana, nami hapa Mtawanya nikavutwa na michoro mlangoni kwa mama mkwe. Mistari myeupe, imepinda kama makuti penye upepo. Kila siku inaongezeka, na simwoni akichora! Kumwuliza niliona haya. Nikaamua mwenyewe kuwa ni kinga ya mwanawe. Nikachora mlango wangu mzima kwa chokaa, nikawahimiza na majirani.

Mama mkwe akapita, akashangaa. “Mwanangu, mbona mmechafua milango?”

“Si kinga kama yako, mama?”

“Kinga gani? Nikishapaka chokaa jani la tambuu ninalotafuna, napangusia vidole pale.”

Majirani wakanigeukia, mikono yao myeupe.