Shule Yangu ya Kiiraqw

Watu wa Rhotia wana adabu, na adabu yao nusura initie wazimu. Mimi ni mtu wa Malambo, mtoto wa wafugaji, nimeolewa huku kwenye mahindi na maharage. Ukiwakuta wanaongea Kiiraqw, kicheko juu, wewe ukatokeza tu mlangoni, wote wanahamia Kiswahili papo hapo. Mgeni asijisikie vibaya. Mgeni! Nimezaa hapa, nimezika hapa, bado mimi ni mgeni.

Miaka yote sikujali, maana mama mkwe alikuwa anaongea nami Kiswahili. Kisha akapata kiharusi. Alipoanza kuongea tena, Kiswahili chake chote kilikuwa kimekwenda, kimebaki Kiiraqw peke yake. Na anayeshinda naye ni nani? Mume wangu ni dereva wa watalii, wiki nzima yuko mbugani, kreta. Watoto wako bweni. Mama ananiambia jambo, ananitazama machoni, anangoja. Nampa maji, anayasukuma. Nampa uji, anafumba macho, chozi linatoka. Niliumia sana, kama vile mimi ndiye ninayemtesa.

Nikamwomba mume wangu anifundishe. Mtu huyu anawatajia Wazungu kila ndege kwa Kiingereza, lakini mimi akaniambia nitazoea tu. Jamani. Nikaona mtegemea cha nduguye hufa maskini, nikaanzisha shule yangu mwenyewe.

Nilibandika vikaratasi kwenye sufuria, mlango, kiti na ndoo, kila kimoja na jina lake la Kiiraqw kama nilivyolisikia. Kuku wakadonoa vya chini, mvuke ukabandua vya jikoni, na wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema nusu nimekosea. Nusu ipi? Akasema mimi niongee Kiswahili tu, kwani nani kanifukuza. Nikajaribu kuwarekodi majirani kwa simu. Ukitoa simu, mtu wa Rhotia anatengeneza kitenge, anakohoa, anaanza Kiswahili cha taarifa ya habari.

Basi nikawa mwizi. Nina kiduka mbele ya nyumba. Mchana nikawa nafunga dirisha, natulia ndani juu ya kreti la soda, simu inarekodi, wao wako kwenye benchi nje wanapiga soga wakidhani sipo. Mteja akipiga hodi, kimya. Biashara ilidorora, ila maneno niliyapata: mvua, magugu, ndama, nani kaoa, nani kaachika. Nikiosha vyombo, hedifoni masikioni, narudia kila neno mpaka maana yake ijitokeze. Jumapili kanisani nakaa nyuma ya wazee wanaoimba Kiiraqw, nawafuatisha kama kasuku. Jirani mmoja akaniambia kwa upole kwamba nimezidi kiherehere.

Kila wifi alipokuja kumjulia mama hali, nilimwomba anitafsirie. Mama anaongea maneno marefu, uso umekunjamana, wifi ananigeukia na kusema anashukuru. Kila siku anashukuru. Mimi si mjinga; nimekulia kwenye ng'ombe, namjua anayeshukuru na namjua anayelalamika.

Mchana mmoja wa jua nilimtoa mama nje kama kawaida, nikamkalisha akitazama barabara, aone bodaboda na watu wanaopita, achangamke. Wifi alikuwepo. Mama akasema maneno yake yale yale ya kila siku. Safari hii yaliniingia yote, neno baada ya neno.

"Anasema asante," akasema wifi.

"Hapana. Anasema, kila siku huyu ananielekeza kwenye vumbi. Nataka kuona shamba langu."

Wifi akakiri kwamba yeye na ndugu zake walikuwa wananionea huruma. Kazi zangu ni nyingi, na jambo lenyewe ni dogo, waniongezee la nini. Nilikasirika. Jambo dogo, na mwanamke mzima amelia nalo tangu mavuno ya mahindi mpaka masika.

Nikakigeuza kiti. Mama akayatazama maharage yake mpaka kule bondeni. Nilingoja ile asante, sasa ya kweli. Akanyoosha ule mkono wake mzima, akasema magugu yamejaa, na je, nyumba hii haina mwanamke?

Nikamjibu kwa Kiiraqw changu kibovu. "Yupo, mama. Anakwenda kuchukua jembe."

Akanigeukia taratibu. Akanishika mkono, akaanza kuongea. Aliongea mpaka jua likatua, nusu yake sikuielewa, na kila nilipojaribu kuinuka kwenda kupalilia, aliukaza mkono wangu.