Mwiba Ambao Haukuwepo

Mume wangu alikufa kwa kitu alichomeza, na mpaka leo watu wanasema nilimlisha mimi.

Ilikuwa hapa Changamwe, mwaka 1947.

Mume wangu, Thoya, alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alikula wali na samaki wangu. Jumatatu akashika tumbo. Jumatano maumivu bado hayajamwacha.

Mavyaa wangu, Nyamvula, mamake Thoya, hakukawia.

"Umemlisha mwiba, weye! Cheti chote hicho cha ualimu, samaki kumchambua hujui?"

"Mavyaa, alikuwa nguru. Miiba ya nguru hata kipofu aiona."

Hakunisikia. Akamsukumizia mwanawe matonge makavu ya sima, ati mwiba ushuke. Thoya akatapika yote.

Nikasema basi, hospitali.

"Amemeza nini?" daktari akauliza.

"Mwiba," mavyaa akanitangulia.

Daktari akamulika koo. Safi. Akapiga picha ya shingo. Safi.

"Bwana Thoya, hakuna kingine? Ulichokula, ulichokunywa?"

Thoya akamtazama mamake. Mamake akatazama dirisha.

"Maji tu, daktari."

Basi wakaungoja mwiba upite.

Ijumaa homa ikapanda, tumbo likawa gumu kama ubao, wakampasua. Utumbo ulikuwa umetoboka, usaha umejaa tele. Hakuamka tena.

Daktari akaniwekea kiganjani kipande cha waya, kifupi kuliko ukucha.

"Huu si mwiba, mama. Ningejua ni chuma, ningepiga picha ya tumbo siku ile ile."

Mimi sikuujua ule waya. Nyamvula aliujua. Alikaa chini pale pale sakafuni.

"Ni wa mrija wake wa kunywea tembo la mnazi," akasema. "Kichujio cha nchani kilikuwa chalegea, nikakifunga kwa waya. Alikuwa akinywea kwangu, nyuma ya jiko, kanisa lisijue. Aliniapisha."

"Na daktari alipouliza alichokunywa, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani ni mwiba, mwanangu. Haki ya Mungu, nilidhani ni mwiba."

Matangani, wanawake walinong'ona habari za samaki wangu huku wakila sima yangu. Nilimkazia Nyamvula macho, nikamngoja aseme.

Akainamia sahani yake.

Wewe unayesoma, ukifika kwa daktari sema yote, hata ya nyuma ya jiko. Kanisa lingemtenga Thoya, kisha lingemrudisha. Kaburi halirudishi mtu.