Shangazi na Baba Hayupo

Wewe ungekubali kutangazwa mbele ya umati kwa jina la baba asiyekuwepo? Katika hospitali yetu watoto kadhaa walitangazwa hivyo. Kompyuta ya mapokezi ilikataa kumsajili mtoto bila jina la baba, na pale ambapo baba hakujulikana, karani aliandika "Hayupo". Basi kipaza sauti kikawa kinamwita binti wa jirani yetu, fundi cherehani, kama binti Hayupo, na benchi zima linacheka. Binti ana pumu. Sasa alikuwa amemwambia mama yake kwamba hakanyagi tena kliniki, na zamu yake ilikuwa kesho yake.

Mtunza kanzidata wetu, yaani hazina ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, ni shangazi yangu. Alisoma chuo kilekile nilichosoma mimi, na hajawahi kutupa kitu maishani. Alipohama nyumba, alishika funguo za nyumba zote mbili mpaka alipohakikisha hata paka amehama. Jiko jipya lilikaa kando ya la zamani hadi mumewe akauliza kama na yeye analetewa mwenzake.

Nikamvamia ofisini.

"Shangazi, hiyo safu ya 'Jina la baba' ni dhuluma! Ifute sasa hivi!"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Ifute!"

"Marahaba, mwanaharakati. Duka la dawa wanaisoma safu hiyo wakichapa vibandiko vya chupa. Maabara nao wanaisoma. Nikiifuta sasa, foleni yote hiyo ikatibiwe kwako?"

"Kwa hiyo binti wa watu aendelee kuchekwa?"

"Nimesema hivyo? Vuta kiti, acha kunipigia meza."

Akaongeza safu mpya, "Mzazi au mlezi", kando ya ile ya zamani, na akairuhusu ibaki tupu panapobidi. Akaagiza kila usajili mpya uandikwe katika safu zote mbili. Kisha akaanza kuhamisha majina yaliyokuwepo, fungu dogo baada ya fungu dogo, na kila fungu likiisha anachungulia dirishani kuona kama foleni bado inasogea. Nilihisi ndevu zikiota mvi. Kila aliponyanyuka kwenda kuchemsha chai nilimrudisha kitini, maana kwa mwendo wake tungemaliza binti akiwa na wajukuu.

Penye Hayupo tuliweka jina la mama. Mimi ndiye niliyemgundua Hayupo mmoja aliyeandikiwa namba ya simu ya baba.

"Karani kakosea," nikasema. "Mfute."

"Asiyekuwepo anapokeaje simu? Muache alivyo."

Kabla ya kufunga ofisi, akaigeuza mitambo ya mapokezi isome safu mpya. Ya zamani akaiacha palepale.

"Na hii je?"

"Siku ikikosa msomaji, nitaiaga."

Asubuhi yake nilisimama mlangoni mwa ukumbi. Binti alikuwa amejikunyata nyuma ya mama yake. Sijui fundi alimbembelezaje mpaka akaja. Kipaza sauti kikaita jina lake, kisha jina la mama yake. Akatazama huku na huku, kana kwamba ameitwa mtu mwingine, halafu akainuka.

Hajafika hata kwenye mlango wa daktari, kikaita tena: "Mtoto wa Hayupo!"

"Nipo!" likanguruma pande la mtu kutoka benchi la nyuma, mtoto akining'inia begani.

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii aliyecheka kuliko wote alikuwa binti wa fundi.