Mashine Yangu ya Mnadani

Tangu serikali iruhusu biashara huria, mchuuzi mmoja huleta kwenye mnada wetu hapa Bariadi mashine za mitumba za kunolea, zile za mkanda wa msasa unaozungushwa na mota. Ile ndogo ndiyo ya bei nafuu, na hata hiyo mshahara wangu wa ualimu hauifikii. Mimi hutengeneza visu nyumbani kwa tupa, kwa kupenda tu. Niliiota mashine ile mpaka mke wangu akauliza ninaongea na nani usingizini.

Basi nikajifanya mteja anayechagua. Nilienda na kipande cha springi ya gari, nikaomba kuijaribu. Mnada uliofuata nikataka kuona kama haiunguzi chuma, kisha kama inalainisha mpini wa mninga. Mchuuzi aliwasha jenereta bila kinyongo. Kisu kikakamilika, kinang'aa, nikampelekea baba mkwe kijijini kwake, Mwandoya. Akauliza nimekinoa na nini. Mdomo ukanitangulia: nina mashine yangu, iko mnadani.

Mnada uliopita nilikuwa nimeinama palepale, najaribu kisu cha pili, mkanda unaimba chini ya vidole vyangu.

"Mwangaluka, mkwe," sauti ikanisalimu kwa Kisukuma.

Alikuwa baba mkwe, na nyuma yake wazee wenzake, kila mmoja na panga lake butu. Akamgeukia mchuuzi, akampa mkono.

"Na wewe kijana, asante kwa kumtunzia mkwe wangu mashine yake."

Mchuuzi akanitazama, kisha akazima jenereta.