Mjomba Hayumo Kwenye Chati

Mwezi ule Mwanvita Abeid alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa na jina, cheo na fomu ya kurasa tatu. Iliitwa Mkufunzi Oscar.

Mwaka uliotangulia, chuo cha ualimu kilimpeleka kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja upande wa Mikese. Siku ya kutathminiwa alikuwa akifundisha aina za udongo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa nini mbuzi wanakula mifuko ya nailoni na hawafi. Lilikuwa swali zuri. Mwanvita akalifuata, darasa likamfuata yeye, na kengele ilipogongwa udongo ulikuwa bado uko kwenye kopo. Mkufunzi Oscar, aliyekuwa ameketi dawati la nyuma, akampa alama arobaini na nne katika mia, na chini ya fomu akaandika sentensi moja: "Mwanachuo asiache andalio la somo."

Alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Chuo kiliruhusu kurudia mara moja. Aliyeshindwa mara ya pili alirudishwa nyumbani akatafute kazi nyingine, na Mwanvita hakuwahi kuwaza kazi nyingine tangu akiwa na miaka saba, alipokuwa akiwafundisha kuku wa mama yake kusoma.

Basi mwaka huu alipopangiwa Shule ya Msingi Mlimbwa, huko juu ya Mgeta, alipanda mlima akiwa amejifunga kibwebwe. Alikuwa na maandalio ya wiki zote nane, yameandikwa kwa wino wa bluu, vichwa vya masomo kwa wino mwekundu, na kila daftari limevalishwa nailoni lisilowe kwa ukungu. Alijiapiza kwamba hata mwanafunzi akiuliza kwa nini jua linachomoza, kama swali halimo kwenye andalio, litasubiri.

Alikabidhiwa darasa la nne, watoto arobaini na sita. Mwalimu mlezi wake, Lukasi, mzaliwa wa palepale, ndiye angeweza kumwambia mawili matatu kuhusu watu wa milima ile. Lakini wiki ya pili Lukasi aliitwa semina mjini Morogoro. Akamwachia Mwanvita darasa, boksi la chaki na maneno mawili: "Watoto wazuri."

Ni kweli walikuwa wazuri. Walisimama kwa pamoja, wakasema shikamoo mwalimu kwa pamoja, wakaketi kwa pamoja. Ndiyo sababu Mwanvita hakushtuka siku ya somo la familia, walipoitazama chati yake kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja.

Chati hiyo ilimgharimu jioni mbili na maka peni nne. Aliichora kwenye karatasi ya manila: juu kabisa baba, mwenye tai, chini yake mama, mwenye kanga, chini ya mama watoto watatu waliopangwa kwa urefu. Kando ya baba aliandika kwa herufi kubwa, MKUU WA FAMILIA. Alikuwa hajawahi kuchora tai iliyonyooka namna ile.

Mtoto mmoja, Yustina, alinyoosha mkono.

"Mwalimu," akauliza kwa adabu, "mjomba amekwenda wapi?"

Mwanvita akatazama andalio lake. Mjomba hakuwamo. Akaeleza kwamba mjomba ni ndugu, tena ndugu mzuri, lakini atasomwa wiki ya sita katika mada ya ukoo. Yustina akasema asante mwalimu, akaketi. Wenzake wakamtazama kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Ijumaa akawapa jaribio la maswali kumi. Swali la tano lilikuwa jepesi kuliko yote: Mkuu wa familia ni ______. Jioni aliposahihisha alikuta watoto arobaini na mmoja wameandika mjomba. Watatu waliandika bibi. Mmoja aliacha wazi. Aliyeandika baba alikuwa mmoja tu, Joyce, binti wa Mwalimu Raphael wa hisabati, ambaye ni mtu wa Bukoba.

Chuoni Mwanvita alifundishwa kwamba wanafunzi wengi wanapokosa swali moja kwa jibu moja, wameibiana. Kanuni hiyo ilikuwa ukurasa wa thelathini na mbili, na aliipigia mstari. Hapa walikuwa arobaini na mmoja, wamekosa kosa moja, kwa tahajia moja. Akahesabu madawati, akajaribu kuona jibu lilianzia wapi na kupita wapi, akashindwa. Akahitimisha kwamba ni wizi wa mtihani wa hali ya juu sana. Alifuta jaribio lote, akaandika barua: kila mwanafunzi aje na mzazi wake siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi.

Barua ilihitaji muhuri wa mwalimu mkuu. Madamu Veronika alikuwa mwanamke asiyetumia maneno mawili penye moja. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Umeandika mzazi."

"Ndiyo, madamu."

"Haya," akasema, akagonga muhuri.

Jumatano ukungu ulikuwa umeingia hadi darasani na kukaa safu ya mbele. Saa tatu kasoro, Mwanvita akaanza kuona wanaume wakipanda njia ya shule, wengine na mabuti ya shambani, wengine na makoti ya kanisani. Walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja alikuja na kundi lake la watoto nyuma, kama mtu anayeleta miche. Mmoja, mrefu, mwenye kofia ya sufu, alikuwa na watoto tisa.

Mwanvita akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha akamuuliza yule mrefu kama wote tisa ni wanawe.

"Hapana, mwalimu. Wanangu wako darasa la sita na la pili. Hawa ni wapwa zangu. Mimi ni Emmanuel, mjomba wao."

"Barua ilisema mzazi."

"Ndiyo maana nimekuja," akajibu Emmanuel.

Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwanvita alikuwa ndiyo kwanza ameshika chaki aeleze kosa, pikipiki iliponguruma nje ikazima. Mkufunzi Oscar alitarajiwa kesho yake. Lakini alikuwa amepata usafiri mapema, na mtu anayepata usafiri wa kupanda Mgeta hausubirishi. Aliingia na tope hadi kifuani, akasalimia, akaenda moja kwa moja dawati la nyuma, akatoa fomu ya kurasa tatu. Mjomba mmoja akamsogezea nafasi, akamuuliza kwa sauti ya chini yeye ana wapwa wangapi.

Mwanvita akasema neno kwa neno yale aliyojiandaa kusema: watoto wameibiana, ushahidi ni swali la tano, wote wametoa jibu moja. Emmanuel akaomba asomewe swali. Akasomewa. Akaomba asomewe jibu la watoto. Akasomewa. Wanaume wakaitikia kwa vichwa, wakasubiri asomewe kosa.

"Sasa wewe mwalimu ulitaka waandike nani?"

"Baba."

Wanaume wakamtazama kwa huruma zaidi kuliko kwa hasira. Emmanuel akavua kofia.

"Mwalimu, baba kwetu ni mgeni. Ni mgeni mzuri, tunampenda, lakini amekuja. Shamba ni la mama na ukoo wake, na msimamizi wa ukoo ni mjomba. Mtoto akiumwa, akioa, akipigana, anaulizwa mjomba. Mimi mwenyewe ni baba. Kule nilikooa wanangu wana mjomba wao, yule pale."

Mtu mmoja safu ya tatu akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Kwake mimi sisemi kitu," Emmanuel akaendelea. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa. Huu ni mwaka wa kumi na tisa."

"Analima vizuri," yule wa safu ya tatu akashuhudia. "Hasa kabichi."

Mwanvita akataka kusema kwamba kitabu hakikusema hivyo. Lakini Emmanuel alikuwa na swali lingine, nalo halikuwamo kwenye andalio lolote. Alitaka kujua mama yake mwalimu ni mtu wa wapi. Mwanvita akasema kwao ni Matombo, upande wa pili wa milima hii hii, ila yeye amezaliwa na kukulia mjini, na baba yake ni dereva wa malori, mtu wa Tabora.

"Na chuoni ulipelekwa na nani?"

Alitaka kusema baba, akakumbuka. Aliyebeba sanduku lake la bati hadi chuoni alikuwa Mjomba Mikidadi. Aliyetia saini fomu alikuwa Mjomba Mikidadi. Miaka yote Mwanvita aliamini ni kwa sababu baba yuko safarini. Lakini siku ile baba alikuwepo. Alisimama mlangoni, akasema nenda salama mwanangu, akamshukuru mjomba kwa kuja, kama jirani mwema.

"Nilipelekwa na mjomba," akasema.

Wajomba wote kumi na wanne wakashusha pumzi. Hakuna aliyemcheka. Emmanuel akavaa kofia yake, akasema basi mambo yamekwisha, wao wanarudi shamba, na watoto wasipigwe. Wakatoka mmoja mmoja, wakimpa mkono mkufunzi kama mtu wa msibani.

Ikawa saa nne. Darasani wakabaki watoto arobaini na sita, Mwanvita na fomu ya kurasa tatu.

Andalio la siku hiyo lilikuwa mezani, limefunguliwa ukurasa wake: Majukumu ya mkuu wa familia. Zana: chati. Hatua ya kwanza: mwalimu anaonesha picha ya baba. Mwanvita alijua vizuri hesabu iliyokuwa mbele yake. Akifuata andalio, atafaulu na watoto watajifunza kunyamaza vizuri zaidi. Akiliacha, sentensi ya Mikese itaandikwa mara ya pili, na ya pili ndiyo ya mwisho. Alimtazama Mkufunzi Oscar. Mkufunzi Oscar alikuwa akifuta tope kwenye kalamu.

Akabandua chati ukutani, akaigeuza, akaibandika upya upande mweupe. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kiasi kwamba pini moja ilianguka, na Joyce akaiokota.

"Nani atatuchorea familia ya hapa?" akauliza.

Mikono arobaini na mitano ikapanda. Wa arobaini na sita ulikuwa na pini.

Akamchagua Yustina, kwa sababu swali lilikuwa lake. Yustina akachora bibi katikati, mkubwa kama nyumba. Pembeni yake akachora mjomba mwenye kofia ya sufu. Akachora mama, akachora watoto sita, akachora karoti nyingi kuliko ilivyohitajika. Wenzake wakamwelekeza kwa sauti kila kitu kikae wapi, wakabishana kuhusu mjomba mkubwa na mjomba mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu Mwanvita afike waliongea bila kuongea kwa pamoja. Joyce akaruhusiwa kuchora familia ya Bukoba kwenye kona, na baba yake akapata tai. Mwisho kabisa, chini upande wa kulia, Yustina akachora mwanamume mdogo anayetabasamu, ameshika begi.

Sauti ikatoka dawati la nyuma. Watathmini hawaruhusiwi kuzungumza wakati wa kipindi, na Mwanvita alilijua hilo.

"Huyo mwenye begi ni nani?"

"Ni baba, mwalimu," akajibu Yustina.

"Anakwenda wapi?"

"Haendi. Amekuja."

Mkufunzi Oscar akaandika kitu. Kengele ikagongwa.

Tathmini ilisomwa nje, chini ya paa la bati, wawili wamesimama kwa sababu benchi lilikuwa na maji. Mkufunzi Oscar alisoma kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Kufuata andalio la somo: sifuri katika kumi. Matumizi ya zana: sita, chati imetumika upande wa nyuma. Kujiamini: nne, mwanachuo alitetemeka. Ushiriki wa wanafunzi: kumi katika kumi. Akaendelea hivyo hivyo kurasa zote tatu, kisha kabla ya kujumlisha akaufunika ukurasa wa mwisho kwa kiganja.

"Swali la tano. Jibu sahihi ni lipi?"

"Inategemea, mkufunzi."

"Mtihani hauna inategemea."

Mwanvita akatazama bonde, mahali ambapo bonde lingekuwepo kama si ukungu.

"Basi kwa hapa ni mjomba."

Mkufunzi Oscar akafikiri. "Kwetu Rombo," akasema hatimaye, "ungeandika hivyo usingetoka darasani." Akajumlisha. Ikaja hamsini na nane. Akasaini, akachana nakala, akampa, akapanda pikipiki.

Maoni yalikuwa chini, kwa mwandiko uleule wa Mikese: "Mwanachuo ameacha andalio la somo tena. Safari hii andalio ndilo lililokosea. Aandae jingine."

Alasiri ile Mwanvita alikusanya madaftari na kusahihisha swali la tano upya. Watoto arobaini na mmoja wakapata. Waliosema bibi nao akawapa, baada ya kumuuliza Madamu Veronika, aliyesema "haya." Joyce aliendelea kupata, kwa kuwa kwao ni kwao. Yule aliyeacha wazi aliitwa na kuulizwa, akasema aliacha kwa sababu wajomba zake wawili bado hawajaelewana. Mwanvita akampa nusu.

Kisha akapanda hadi kwenye jiwe nyuma ya choo cha walimu, ambako simu hushika mtandao, akampigia Mjomba Mikidadi. Akamwambia amefaulu. Mjomba akasema alhamdulillahi, akauliza kama kule kuna baridi, akasema yeye mwenyewe atampa mama yake Mwanvita habari jioni hiyo.

"Na baba yako umpigie," akaongeza, "asijione mgeni."